Etani ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliamini kwamba kitu hakijashikwa mpaka kizikwe ndani ya etani. Etani ndilo jina tunaloyaita huku Kolwezi madini laini ya kulehemu, na yeye aliyamwaga bila huruma. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi umeme wa mgodini, mtu wa nyaya nene kama mkono wa mtoto, na alipostaafu alirudi nyumbani na mazoea yaleyale. Redio, rimoti, taa ya sola, kila kilichokufa nyumbani mwetu alikilaza mapajani, akakifungua, akakimiminia etani mpaka miguu ya vipande vyote ikazama. Kitu kikikataa kuwaka, lawama zilikuja kwangu.

Zilikuja kwangu kwa sababu mimi pia ni fundi. Nina meza yangu sokoni, upande wa Manika, na natengeneza simu za vijana wachimbaji, zile zinazotoka shimoni zimejaa tope mpaka kwenye spika. Nusu ya kazi yangu ni kuondoa etani ambayo watu wengine waliiweka. Asiyeijua kazi hii hudhani kuondoa ni rahisi kuliko kuweka. Si kweli hata kidogo. Ukiibandua kwa nguvu, unang'oa na njia ya shaba iliyochorwa juu ya karti, kile kibao cha kijani ambacho vipande vyote hukaa juu yake, na njia ikishang'oka hakuna wa kukurudishia. Ukichoma muda mrefu, unaua kipande. Huwezi kuharakisha, huwezi kukasirika. Mimi ni mtu wa hasira, kwa hiyo kazi hii imenigharimu.

Ninachotumia ni fera, yaani chuma cha kulehemu, na waya wa antena ya televisheni. Ndani ya waya ule, chini ya plastiki, kuna shaba iliyosukwa kama nywele za msichana. Unaichuna, unaipaka utomvu mkavu tunaouita kolofani, unailaza juu ya etani, kisha unaigandamiza kwa fera. Shaba inainywa etani. Ikishashiba unakata kipande kile, unatupa, unaendelea na kingine. Etani ya zamani ikiwa ngumu, unaiongezea kwanza mpya kidogo ili iyeyuke vizuri. Baba mkwe aliniona siku moja nikiongeza ili nipunguze, akacheka kwa dharau hadi akakohoa.

Hakucheka mbele yangu, bila shaka; alicheka nyuma ya mlango, nikamsikia. Kwetu sisi watu wa kaskazini mwa Katanga, mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Tunaita buko. Sikuruhusiwa kumtazama usoni, wala kula akiwa ananiona, wala kumpa kitu mkononi. Ningekiweka chini, niondoke, ndipo akiokote. Na hatukusemeshana. Mke anayeheshimu buko anasifiwa ukoo mzima. Mimi niliiheshimu na sikusifiwa na mtu, kwa sababu mzee alikuwa na kinyongo kingine nami. Alitaka mwanawe arithi kazi ya umeme. Mwanawe, ambaye ni mume wangu, alikimbilia malori ya njia ya Fungurume, na aliyeshika fera nyumbani akawa mwanamke wa kuolewa. Hilo hakunisamehe.

Maneno yetu yalibebwa na mama mkwe. Tungekuwa sote watatu katika chumba kimoja, mzee kwenye kiti chake, mimi nimegeuza mgongo mlangoni, na bado ilibidi maneno yapitie kwake. Mzee angesema mimi ni mharibifu na nisiguse tena vitu vyake. Mama mkwe angenigeukia na kuniambia kwa upole kwamba tata, yaani baba, anaomba kesho nimwulize kwanza. Mimi ningejibu kwamba kama si mimi redio yake ingekuwa jalalani. Yeye angemgeukia mumewe na kusema mtoto amesikia. Sote tulisikia kila kitu, masikio tulikuwa nayo, lakini kilichohesabika ni kile kilichotoka mdomoni mwake. Kwa miaka tuliishi hivyo, tukichukiana kupitia mtu aliyetupenda wote wawili.

Kisha mapafu yake yakaanza kuchoka. Daktari alitaja ugonjwa kwa jina refu la Kifaransa. Sisi nyumbani tulisema tu kwamba mama ana shida ya pumuzi. Mume wangu alimtafutia Lubumbashi mashini ya hewa iliyokwisha kutumika, sanduku lenye magurudumu linalovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kumpa mgonjwa oksijeni kupitia mpira mwembamba unaoingia puani. Tangu siku ile mama mkwe aliishi kwenye kochi kando ya sanduku. Akawa hawezi tena kusema maneno mengi kwa mara moja. Na kwa kuwa pumuzi ilikuwa haba, aliacha kuyalainisha. Mzee akisema mimi mharibifu, aligeuka na kusema, mharibifu. Nikisema mzee hajui kitu, aligeuka na kusema, hujui kitu. Hapo ndipo nilipojua ni kiasi gani alikuwa ametuchuja siku zote zile, na nyumba ikawa kali kama pilipili.

Siku ninayoikumbuka, umeme ulikuwa umekatika asubuhi, ukarudi kwa kishindo. Nilikuwa sokoni. Niliporudi kupika chakula cha mchana nilikuta mashini imefunguliwa sakafuni, matumbo yote nje, na mama mkwe amevikwa mpira wa chupa ndogo ya hewa, ile ya akiba ambayo hospitali ilitukopesha kwa ajili ya kumsafirisha. Mshale wa kipimo cha chupa ulikuwa umeshuka sana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, karti ya mashini iko mapajani, na mlangoni kuna mbabula imejaa makaa yanayowaka, na ndani ya makaa ameingiza chuma chake cha shaba cha enzi za mgodini.

Niseme haki, kwa sababu sipendi kumsema mtu zaidi ya makosa yake. Alikuwa ameliona tatizo. Umeme uliporudi kwa nguvu, mguu wa kipande kimoja ulipasuka pale ulipolehemiwa, na mzee aliupata kwa macho yake ya zamani, bila kipimo. Jicho alikuwa nalo. Lakini alitibu karti ya mashini ya hewa kama anavyotibu waya wa pampu. Alichukua fimbo ya etani ya nyaya kubwa, akaichovya kwenye asidi inayotumiwa na mafundi wa rejeta za magari, akaimwaga juu ya mguu ule. Miguu mitatu ya jirani ikazama katika donge moja, kubwa kama punje ya hindi, na kinachotakiwa kutengana kikashikana. Alipochomeka mashini, fyuzi ilikatika. Nilipoingia alikuwa anasokota kipande cha waya ili akiweke mahali pa fyuzi.

Kila fundi wa kwetu amewahi kufanya hivyo, na ndiyo sababu nusu ya vyombo vya mji huu vina harufu ya kuungua. Fyuzi imekatika ili kukuambia kuna kosa. Ukiweka waya, umeifumba mdomo, na umeme wote unakwenda kumalizia hasira kwenye karti. Angechomeka tena, tusingekuwa na mashini ya kutengeneza.

Mzee aliisikia miguu yangu. Hakugeuka. Alimwambia mkewe, "Umuambie ule mwanamuke abakie ku mulango."

"Baki ku mulango," alisema mama mkwe. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Nilisema, "Mama, ambia tata asiweke waya pa fasi ya fyuzi. Karti itaungua yote."

Mama mkwe alifungua mdomo ayabebe. Hayakutoka. Alijaribu tena, kifua kikapanda na kushuka bure, akainua kidole na kuonyesha mshale wa chupa. Mzee alikuwa amenisikia vizuri kabisa, yuko hatua chache kutoka nilipo, lakini neno halikuwa limefika kwa njia yake, kwa hiyo kwake yeye halikusemwa. Aliendelea kusokota waya wake. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nilivuka chumba. Nilisimama mbele yake, nikamwangalia usoni, na nikasema, "Tata, leta ile karti." Hakuleta. Niliishika, naye akaishika, na mikono yetu ikagusana juu yake. Nadhani mguso ule ndio uliomwachisha, maana aliuondoa mkono kama aliyeungua.

"Amenigusa," alimwambia mkewe. "Umeona? Bibi ya mutoto yangu amenigusa."

Nilikaa sakafuni, nikachomeka fera yangu, nikachuna waya wa antena. Nyuma yangu mzee alianza kunisema. Alisema tangu mwanzo alijua hakuna heshima katika ukoo wetu. Alisema mama yangu hakunifundisha. Alisema mengi mengine ambayo mkewe hakuweza tena kuyabeba, kwa hiyo yalibaki yananing'inia hewani, na mimi nikayaacha huko. Donge halikuyeyuka. Umeme ulikuwa dhaifu, fera yangu ni ndogo, ya simu, na etani ile nene ilinyonya joto lote ikabaki imenuna. Niliongeza etani mpya, nikapaka kolofani, nikagandamiza. Ilikuwa laini juu na ngumu chini. Kama ningeng'ang'ana ningeng'oa njia zote tatu.

Nilijua kinachohitajika, na hasira ilinipanda kwa kukijua. Kilihitajika chuma kile kikubwa cha shaba kilichokuwa kwenye mbabula, kishikwe karibu na donge upande mmoja ili kulipasha, huku mimi nanyonya kwa upande mwingine. Na mikono yangu ilikuwa miwili tu. Nilitazama ukuta na kuuambia ukuta kwamba kama humu ndani kuna mtu anayeweza kushika chuma bila kutikisika, mama atapata pumuzi.

Kisha nikasikia makaa yanavurugwa. Mzee alikuja akapiga magoti upande wa pili wa karti, kichwa chake karibu kigusane na changu, akakileta chuma chake mahali hasa kilipotakiwa, bila kukigusisha. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nilichukia kuona hivyo. Donge likaanza kung'aa, likalegea, nikalaza shaba yangu ya antena na etani ikapanda ndani yake mara moja. Nikakata, nikaweka nyingine. Kila chuma kilipopoa aliinuka, akakirudisha kwenye makaa, akakileta tena. Jasho lake lilidondoka karibu na karti nikauambia ukuta kwamba watu wajipanguse. Alijipangusa.

Miguu mitatu ilitengana. Njia moja ya shaba ilikuwa imeshabanduka, si kwa mkono wangu bali kwa moto wake wa kwanza, na nikaivukisha kwa waya mwembamba kutoka kwenye kisikilizio cha simu. Ikabaki asidi. Asidi ya rejeta haiondoki yenyewe. Ukiiacha, inakula shaba polepole, na baada ya wiki chache karti inakufa bila sababu. Inatakiwa kuoshwa, na sisi mafundi wa sokoni tunaosha kwa lutuku, pombe ya mtaani, ile ya kwanza kutoka ambayo ukiiwashia kiberiti inawaka. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Hanywi, kila mtu anajua. Nilisema kwa sauti kwamba nahitaji lutuku haraka, na mzee akatazama paa. Mama mkwe, ambaye hakuwa na pumuzi hata ya kuitikia, aliinua kidole kile kile na kuonyesha nyuma ya kabati, chini ya sanduku la vitabu vya nyimbo.

Chupa ilikuwa pale, imebaki robo. Nilisugua karti kwa mswaki mpaka ikawa safi, nikaipuliza, nikaweka fyuzi ya kweli kutoka kwenye kisanduku changu, nikachomeka. Mashini ikakohoa, ikanguruma, na baada ya muda taa ya kijani ikawaka. Nilimtoa mpira wa chupa nikamvika wa mashini. Tulikaa tunamtazama midomo. Rangi ilipoanza kurudi, mzee aliinuka, akachukua chuma chake, akatoka uani. Hakunishukuru, nami sikumshukuru kwa kushika.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimwita dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya ukoo, nikashtakiwa. Mashtaka: nimemtazama baba mkwe usoni, nimemwamuru, nimemgusa. Kuhusu mashini hakuna aliyesema, ingawa ilikuwa inanguruma pale pale na kutufanya tupaze sauti. Dada yake aliamua kwamba nitoe mbuzi. Niliwaka. Nilisema, safari hii nikimtazama kila mmoja wao, kwamba sitoi hata unyoya, kwamba wangekuwa wanazika muda huu kama ningebaki mlangoni na heshima zangu, na kwamba mume wangu akirudi kutoka Fungurume atanikuta kwa mama yangu.

Mama mkwe aliuondoa mpira puani. Nilidhani atanitetea. Nilimgeukia nikiwa na uhakika huo.

"Lipa ule mbuzi," alisema.

Iliniuma kuliko maneno yote ya mzee. Nilimwambia sikutegemea hilo kutoka kwake. Nilimwambia pumuzi anayovuta imetoka mkononi mwangu, jambo ambalo halisemwi kwa mgonjwa, lakini nililisema. Alirudisha mpira, akavuta mara kadhaa, akauondoa tena, akaendelea kwa vipande vipande, na sote tukangoja kati ya kipande na kipande.

"Mbuzi njo inafungulaka buko. Mukishakula pamoja, mutasemeshana." Alivuta. "Mi niko nachoka. Bwana yako iko tu ku barabara. Mutabakia babili humu ndani." Alivuta tena, na mara hii alimtazama mumewe. "Nani atabebaka mineno yenu?"

Dada wa mzee aliinama akatengeneza kitenge chake. Mzee hakusogea. Ndiyo desturi yetu, na niliijua tangu utoto, lakini katika hasira zangu sikuikumbuka: kosa la buko likishalipwa, na waliokosana wakala nyama katika sahani moja, marufuku imekwisha. Wengine hungoja miaka kwa ajili ya sherehe hiyo. Yeye alikuwa ameona nafasi akaikamata, na hakujali ni nani kati yetu atatoka mshindi.

Nilitoa mbuzi. Nilimnunua kwa moyo mweusi, nikampika mwenyewe, na chumvi nilizidisha kwa makusudi. Waliweka sahani moja kati ya mzee na mimi kwenye sebule, dada yake akasimamia, tukala. Alikula kwa kutafuna taratibu, mimi nilikula nikitazama mkono wake unaporudi sahanini. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, amefumba macho, mpira puani. Dada wa mzee aliposema imetosha, alichukua sahani akaenda nayo nje kuosha, tukabaki.

Mzee alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Miaka yote alikuwa na maneno ya kunitupia, na sasa njia iko wazi akawa kama mtu aliyesahau lugha. Mwisho aliinua uso akanitazama. Macho yake yalikuwa ya mume wangu kabisa, na yalikuwa yameogopa.

"Ile mashini," aliniambia, "itaikala siku mingi?"

Nilikuwa na jibu tayari, jibu la kumkata. Ningeweza kumwambia kuhusu asidi yake, kuhusu moto wake, kwamba kama itakufa itakufa kwa mikono yake. Na hapakuwa na mtu wa kunilainishia. Nilitazama kochini. Kifua kilikuwa kinapanda, kinangoja, kinashuka, na kati ya pumuzi moja na nyingine palikuwa na nafasi ndefu kuliko wiki iliyopita, ingawa hewa ilikuwa inakuja vizuri.

"Mashini itaikala, Tata," nilisema.

Alitikisa kichwa. Alimtazama mkewe, kisha akatazama mikono yake iliyolowa, na swali la pili hakuliuliza.